Kichwa cha Mjane wa Bernardo

Mdoe aliujaribu wembe kwenye kiganja chake, akautazama utosi wa Grasiana, kisha akaufunga tena wembe ndani ya kitambaa.

"Hakinyoleki," alisema. "Ninyi Wanyamwezi hata vichwa vyenu ni vibishi."

Mdoe alikuwa Mzigua wa Handeni, mtani wa marehemu Bernardo. Siku ya mazishi alilala ndani ya kaburi, akagoma kutoka mpaka alipopewa jogoo, na watu wakacheka huku machozi yakiwatoka. Kumnyoa mjane ilikuwa kazi yake pia. Lakini wembe wa matanga haumwagi damu. Damu ikitoka, husemwa marehemu hajaridhia, na nani atabishana na marehemu? Utosi wa Grasiana ulikuwa umewiva kwa wekundu, umejaa vipele na magamba.

Ugonjwa huo ulianza kwa bahati mbaya. Mjane hachani nywele wala hasuki mpaka anyolewe, na Grasiana alikuwa akibeba nyuzi mbichi za mkonge kichwani, kutoka mashineni kwenda kwenye kamba za kuanikia, katika shamba la Mgiriki mmoja karibu na Hale. Maji ya mkonge yakapenya chini ya nywele zilizosongamana. Yakawasha, akajikuna, pakachubuka.

Yaliyofuata hayakuwa bahati mbaya. Kila jioni, akishafunga mlango, Grasiana alichokonoa magamba kwa kijiti mpaka pachonyote upya.

Maana akishanyolewa, matanga yanaanuliwa. Na matanga yakianuliwa, Lukasi anamrithi. Lukasi alikuwa mdogo wake Bernardo. Ukoo ulimtuma kutoka Tabora, akapanda lori la manamba, vibarua wa mkonge, mpaka Korogwe, kuja kumchukua mke wa kaka yake na kumrudisha nyumbani. Grasiana hakuwa na neno baya juu ya kijana huyo. Ila Bernardo alilala hapa, mwisho wa mihogo aliyoipanda mwenyewe, na kaburi halipandi lori.

Lukasi alikihangaikia kichwa kile kuliko mwenye kichwa. Alikuwa ameandikwa kazi kwenye banda la brashi, wanakosafisha nyuzi zilizokwisha kukauka, na akitoka huko hakupumzika. Alikata shubiri mwitu. Alichemsha majani ya mwarobaini. Aliomba mafuta ya nyonyo kwa wanawake wa kambi nzima mpaka wakaanza kumwita mganga. Dawa alizitengeneza mwenyewe nyuma ya nyumba, hakutaka kusaidiwa, kisha akamkabidhi Mdoe chungu apake, kwa kuwa shemeji hamgusi mjane kichwani kabla ya matanga kwisha. Yeye alisimama kando, ameinamisha macho.

"Kimepona?" aliuliza kila mara.

"Bado."

Hapo Lukasi alishusha pumzi ndefu, akasema pole, shemeji, akaenda kula. Alikula vizuri. Grasiana alimhurumia. Bernardo naye alikuwa hivyo. Akiudhika, ugali wote unakwisha.

Jumapili Lukasi alikuwa akienda Mashewa, akisema kuna mzee huko anayejua majani. Alirudi jioni na majani mfukoni, nywele zake zimepakwa mafuta na kuchanwa njia pembeni. Mdoe alimwambia Grasiana kwamba tangu ashike wembe hajaona dawa ya namna hiyo: mgonjwa yuko Hale, kinachong'aa ni kichwa cha muuguzi. Grasiana alicheka, halafu akaona haya kwa kucheka.

Kilichomshinda ni mikono ya Lukasi. Siku moja alipokuwa akipewa ile dawa ainuse, aliona vidole vya kijana vimevimba, na katikati ya vidole ngozi imechubuka, imetoka vipele kama vile vya utosi wake. Mkonge huo, aliwaza, hauchagui. Mtu anaumwa hivi, na bado ananitwangia mimi dawa.

Jioni hiyo alikwenda kaburini. Alimwambia Bernardo kwamba mdogo wake ni mtu mwema, na mtu mwema hafanyiwi mchezo. Alimwambia kwamba ataondoka. Akang'oa magugu mawili matatu, akalia kidogo. Aliporudi, kijiti alikitia motoni.

Akaomba kazi ya kupalilia ili asibebe tena nyuzi mbichi. Akamwambia Mdoe anoe wembe. Mdoe alichukua jiwe, akaunoa polepole.

"Ukienda, mtani," alisema baadaye, "hapa nitamtukana nani?"

Siku zikapita. Grasiana hakugusa kichwa hata kwa ukucha. Dawa ilipakwa asubuhi na jioni, naye alivumilia, akingoja kupona. Kichwa kikazidi. Kiliwaka kama kimepakwa pilipili, vipele vikashuka kisogoni, vikazunguka masikio. Mdoe mwenyewe akaacha mizaha. Kambini walianza kunong'ona kwamba marehemu amekataa kweli, na Grasiana, ambaye alijua vizuri nani alikuwa akimsaidia marehemu kukataa, akaanza kuogopa.

"Mume wangu," alisema peke yake huku akipepea utosi kwa kipande cha kanga, "mimi nimekubali. Wewe vipi tena?"

Asubuhi moja, Mdoe akiwa hajafika, Grasiana alizunguka nyuma ya nyumba kuchukua kuni. Lukasi alikuwa amechuchumaa huko, chungu cha dawa kati ya magoti. Alikuwa na jani bichi la mkonge, amelipondaponda kwa jiwe, analikamua kwa mikono miwili, na maji yake yanachuruzika ndani ya chungu.

Aliinua macho, akamwona. Hakulificha jani.

"Shemeji," alisema kwa sauti ya chini, "niko chini ya miguu yako. Mashewa kuna mtu ananingoja. Usipone."