Glasi ya Meneja Mpya

Wivu ulimjaa fundi alipoona mdogo wake, meneja mpya wa mtambo wa majitaka, akipigiwa makofi. Mtoto ambaye yeye ndiye alikuwa akimfuta kamasi, leo bosi wake!

"Kaka, nichotee," meneja alimwomba. Kila meneja mpya hunywa hadharani glasi moja ya maji ya bwawa la mwisho, yaliyokwisha kusafishwa, ili wanaotumia mto waamini kuwa maji yanayorudishwa humo ni safi.

Fundi hakwenda kwenye bwawa la mwisho. Alichota kwenye la katikati, ambako maji ni safi kwa macho tu. Kimnyoo chekundu, chembamba kama unywele, kilijipinda kwenye kitako cha glasi.

Meneja aliipokea, akawageukia watu. "Huyu ndiye aliyenifundisha kazi. Siwezi kumtangulia kaka yangu."

Akamrudishia glasi, kwa mikono miwili.