Albamu ya Banda la Kuku

Kila asubuhi Tunu alikanda unga wa chapati huku spika ya ukutani ikipiga albamu ya marehemu kaka yake, Hatibu, aliyoirekodi na wenzake katika banda la kuku la mama yao. Leo mikono ilimganda ndani ya unga. Gitaa la Hatibu halikuchelewa tena. Ngoma hazikuyumba. Pale ambapo siku zote Hatibu alishindwa kuifikia sauti ya juu, akacheka, akaendelea kuimba kicheko kikiwa bado mdomoni, sasa aliifikia bila taabu, kama mtu mwingine kabisa.

"Sheria ya Sauti Safi imetufikia na sisi," alisema mumewe, Mbaraka, akijimiminia chai. "Kila rekodi ya nyumbani inanyooshwa, na ile ya awali inafutwa. Lakini hebu sikia, mke wangu! Kumbe shemeji alikuwa fundi!"

"Kicheko chake kiko wapi?"

"Makosa yote yameondolewa. Hata yule jogoo aliyekuwa akiwika katikati ya wimbo."

Tunu alikuwa mtu wa kumeza maneno. Mawifi walipomsema, alimeza. Jirani alipochukua kamba yake ya kuanikia nguo, alimeza. Spika iliendelea kuimba, laini kama mafuta, na Mbaraka akaanza kugonga meza kwa kidole kufuata mapigo.

"Acha!" Sauti ya Tunu ilikwaruza. "Hawakukosea. Walikuwa wanafurahi, na mimi nilisimama mlangoni nikiwasikia. Huyu anayeimba simjui, Mbaraka. Kaka yangu ni yule aliyekuwa akichelewa, na nilimpenda hivyohivyo!"