Vidonge Ndani ya Foronya

Pakiti ilidondoka mama alipokuwa akikung'uta mto wa mkwe wake. Vidonge vidogo vidogo vimepangwa safu, na baadhi ya vitundu tayari vitupu.

Mama aliisokomeza kifuani, akaiacha cherehani na sketi ya shule iliyokuwa haijapindwa, akaenda duka la dawa.

"Ni vya kuzuia mimba, mama," mfamasia alisema. "Ila vina kazi nyingine pia. Wako wanaopewa kwa—"

Mama alishafika mlangoni.

Kumbe. Tangu harusi anasubiri mjukuu, na mwanawe kila akiulizwa anajifanya kiziwi. Mla nawe hafi nawe, ila mzaliwa nawe.

Akairudisha pakiti mahali pake, akaanza kupeleleza.

Aliona mkwe anatoka na wifi yake, kitinda mimba wa nyumba hiyo, eti sokoni. Wakarudi na kikapu kitupu.

"Soko limehama?" mama aliuliza.

"Nyanya zilikuwa zimeoza, mama," mkwe alijibu, akapita haraka.

Kwa hiyo hata binti yangu anamfanya ngao, mama aliwaza. Na binti mwenyewe kila asubuhi humo chumbani, mara kuazima chanuo, mara mafuta. Akamvutia pembeni.

"Chumbani kwa wifi yako huoni kitu?"

"Kitu gani, mama?" Binti alitazama sakafu.

Ameshalishwa yamini. Ikamuuma, maana huyu ndiye alikuwa faraja yake. Zamani kila mwezi alijikunja sakafuni akiuma shuka, kazini saluni haendi, na mama akimwambia, "Ndio uanamke huo. Vumilia, utazoea." Na kweli alikuwa amezoea, siku hizi hata kuguna haguni.

Jumapili, wote wakiwa mezani, mama aliiweka pakiti katikati ya sahani.

"Mweleze mumeo."

Mwanawe aliacha kutafuna. Mkwe aliitazama pakiti, kisha akanawa mikono taratibu.

"Ni dawa, mama. Kuna ugonjwa unaitwa endometriosi. Nyama kama ile ya ndani ya mji wa mimba inaota nje yake. Kila mwezi inavimba na kuvuja damu, na damu yenyewe haina pa kutokea. Vidonge vinaituliza. Daktari ndiye aliyeviandika."

"Na maumivu yake?" mama aliuliza.

"Mtu hawezi kusimama."

Mama alicheka kicheko kikavu. "Tumekaa nyumba moja tangu uolewe. Lini ulishindwa kusimama?"



"Lini, mke wangu?" mumewe aliuliza kwa sauti ndogo.

Mkwe alimtupia wifi yake jicho, kisha akainamia sahani.

"Umeona," mama alimwambia mwanawe. "Anajizushia ugonjwa ili akunyime mtoto. Aseme ukweli sasa hivi, au afungashe."

Mkwe aliinuka, akaingia chumbani. Wakasikia zipu ya begi ikifunguliwa. Mume hakujua pa kutazama. Mama akavuta sahani yake na kuanza kula, moyo umetulia kama wa mtu aliyemkamata mwizi.

Kiti kikasukumwa. Binti alikuwa amesimama, mashavu yamelowa.

"Wifi asiondoke," alisema. "Mama, anayeumwa ni mimi."