Saa Kumi Kamili

"Mwongo yule! Mwongo mkubwa, na leo wewe ndiye utakuwa shahidi wangu," alisema Nadhir huku amemshika mkewe mkono, wakiteremka genge la mwamba hatua moja moja kwenda chini kwenye wadi, lile bonde la mto.

Rahila alishika mwamba kwa mkono mwingine. Magoti yake hayakumpa nafasi ya maneno. Njia ambayo mumewe huishuka kwa dakika tano, yeye ilimchukua nusu saa nzima, na kila aliposimama kupumua, Nadhir alipata wasaa wa kumtukana tena Mohannad.

Mohannad, mjukuu wa jirani yao Bi Khole, alikuwa mlinzi wa bwawa la juu ya bonde. Yeye ndiye aliyekuwa akifungua mlango wa maji yaende mashambani. Nadhir hakumtaka kitu kingine ila amwambie maji yatafunguliwa saa ngapi. Jambo dogo hilo, lakini ndilo la uhai: yakishafunguliwa, wadi ambayo sasa ilimfika mtu magotini hujaa mpaka shingoni kabla hujamaliza kuvaa viatu.

Na Nadhir hakuwa mtu wa kukaa nyumbani mwezi wa tatu. Alizaliwa Nyeri, na huko utotoni akajifunza kuvua samaki waitwao trauti kwa nzi wa bandia: manyoya ya jogoo yanafungwa kwenye ndoana, yanatupwa juu ya maji, yanaelea kama mdudu. Hapa Ibra, Omani, hakuna trauti, kuna perege. Lakini mwezi wa tatu, kabla joto halijashika, maji yakiwa machache na maangavu, perege nao hupanda juu kudonoa nzi. Ni wiki tatu tu kwa mwaka. Mbili kati ya hizo Mohannad alikuwa ameshamharibia.

Jumamosi ya kwanza alimwambia saa tatu. Nadhir akaketi juu ya genge tangu asubuhi, akisubiri maji yapite ndipo ashuke. Hayakuja. Adhuhuri ikaingia, ikatoka, akachoka, akashuka kuvua. Alasiri inakaribia, ndipo yakaja. Aliokoka kwa kukwea mwamba kama mbuzi, na kisanduku cha nzi wake arubaini, kazi ya mwaka mzima, kikachukuliwa.

Jumamosi ya pili alimwambia saa sita. Safari hii Nadhir akadamka, avue asubuhi yote. Akakuta wadi imejaa, maji rangi ya chai ya maziwa. Mlango ulikuwa umefunguliwa jua linachomoza.

Jana Nadhir alimpigia simu Mohannad kwa hasira.

"Shikamoo, ammi," alisema Mohannad. "Bukra inshallah, as-saa..."

"Kiswahili! Bibi yako kakufunza lugha ili ukaifiche wapi?"

"Ammi, Kiarabu mimi nasema vizuri zaidi. Nisije nikakosea..."

"Wewe hukosei, wewe unasema uongo! Kiarabu kimejaa mji mzima. Mimi utanijibu kwa Kiswahili, ama nampigia mkubwa wako sasa hivi."

Kijana akatafuta maneno. "Haya, ammi. Kesho maji inafunguliwa saa kumi. Wallahi, saa kumi kamili."

Nadhir alikata simu bila hata kuitikia ile shikamoo. Saa kumi: watu washaswali alasiri. Basi kesho angevua mpaka adhuhuri, kisha apande juu na mkewe, wakae kitako kumsubiri mwongo. Maji yakija saa nyingine yoyote, Jumapili ofisi zikifunguliwa angemburura huko, na Rahila angesema alichokiona.

"Yule mtoto ana adabu zake," Rahila alimwambia usiku ule. "Wala haapi ovyo. Labda hamsikilizani."

"Mimi namsikia vizuri sana! Masikio yangu hayana ugonjwa!"

Sasa walikuwa wamefika chini. Nadhir alimvusha mkewe taratibu, akamkalisha juu ya jabali jeupe katikati ya wadi, penye kivuli. Akamwekea birika la kahawa, haluwa, na simu yake isije ikarowa. Pande zote mbili genge lilisimama wima. Yeye akaingia majini, akarusha mshipi, na nzi wake mwekundu akatua juu ya maji bila kutoa sauti.

Perege mmoja akapanda, akamnusa, akarudi chini. Nadhir akacheka kwa mara ya kwanza tangu juzi. Lakini hata kicheko hakikuiondoa ile hasira. Kila alipourudisha mshipi alikikumbuka kisanduku chake, na nzi arubaini, na ile sauti ya upole ikimdanganya, shikamoo ammi, shikamoo ammi.

Simu ikalia juu ya jabali. Rahila akabonyeza, na sauti ya Mohannad ikatoka, kwa Kiswahili cha kujitahidi:

"Shikamoo, ammi. Saa kumi kamili hii. Mimi nafungua maji sasa hivi. Leo usiniite tena mwongo."

"Umesikia?" Nadhir alipiga ukelele, nusura ufito umponyoke. "Umesikia kwa masikio yako? Saa kumi! Jua hata utosini halijafika, anasema saa kumi! Haya, nani mwongo? Tazama, shahidi, tazama mwenyewe!"

Akaja mbio akirusha maji, akamsogezea mkewe saa yake ya mkononi mpaka puani.

Rahila akaitazama. Mshale mrefu ulikuwa juu ya kumi na mbili. Mshale mfupi ulikuwa juu ya kumi.