Bi Nguchiro na Magari Mawili Makuukuu

Alikuwapo nguchiro mmoja mjane, mdadisi kupita kiasi. Watoto wake walipokwisha kuhama shimoni, alikwenda kununua gari kwa Nungunungu, muuzaji asiyejua kusema uongo. Alifuatana na mwanawe mkubwa, aliyependa kuwapangia wenzake mambo.

Magari yalikuwa mawili, yote yamezeeka. Moja lilikuwa refu, la familia, lenye safu tatu za viti. La pili lilikuwa jekundu, la mbio, lenye viti viwili tu.

"Mama, chukua la familia," alisema mwana. "Tutaenea sote."

Bi Nguchiro alikalia kila kiti, akanusa mazulia, akachungulia injini zote mbili.

"Lipi zima zaidi?" aliuliza.

"Yanalingana," alijibu Nungunungu. "Tofauti ni abiria tu."

Bi Nguchiro akamgeukia mwanawe. "Mara ya mwisho mlikuja lini nyote pamoja?"

Mwana akatazama matairi. "Kazi zimetubana, mama."

"Basi nitachukua jekundu."

Mwana alipanda kiti cha pili amenuna. Lakini mama alimuuliza hili na lile, na kabla hawajafika nyumbani mwana alikwisha kumweleza mambo ambayo hakupata kuyasema mbele ya ndugu zake. Alipowasimulia ndugu zake safari ile, dada yake akaja kutaka zamu, kisha mwingine.

Kiti kile hakikukaa kitupu tena. Na Bi Nguchiro, aliyewazaa wote kwa mkupuo mmoja, akaanza kuwajua mmoja mmoja.