Gambusi la Dukani

Siku hizo ala za muziki zilikuwa na kumbukumbu. Kila alasiri gambusi lilijipiga lenyewe, kwa mkono wa mtu aliyelicharaza mwisho, mpaka mwingine aguse nyuzi zake. Hapo mkono wa zamani ulifutika, usirudi tena.

Ndiyo maana Bi Zuwena, akiwa ndani ya eda, hakumruhusu bintiye Salha kuligusa gambusi la marehemu Vuai. Lilipopiga, yeye alifumba macho akamwona mumewe ameketi mkekani. Salha alitamani sana kujifunza, basi akaagiza jingine, lililokwisha tumika, kutoka duka la mtandaoni.

Walipolitoa kwenye boksi, likaanza kupiga polepole, kwa mkono mzito wa kiume.

"Mwanamume ndani ya nyumba ya eda!" Bi Mize, dada wa marehemu, akashika kichwa. "Kakangu hata udongo haujamkauka! Lizime, mwanangu!"

"Halizimiki, shangazi. Mpaka nilicharaze."

"Basi licharaze, unangoja nini?"

Salha akanyoosha kidole kuelekea nyuzi, kisha akakizuia. Bi Zuwena alikuwa amesimama mlangoni, kanga imemteleza begani. Mpigaji yule mgeni alikuwa akisita kila baada ya kifungu, kama mtu anayengoja kuitikiwa.

"Mwache kwanza," Bi Zuwena alisema kwa sauti ndogo. "Amalize."

Alasiri ilikuwa imekwisha ingia. Wote watatu wakaligeukia gambusi la Vuai ukutani, wakangoja. Hakuna aliyeligusa, lakini halikupiga, kama mtu aliyenuna.