Koti la Usaili

Fundi cherehani hakujua kupigana, lakini alipiga kwa nguvu zake zote. Ngumi ya kwanza ilitua juu ya sikio la kushoto. Ya pili ilipasua mdomo.

"Nimekuuliza swali, bondia. Kwa nini unataka kusoma sheria?"

"Kwa sababu ninapenda haki, Baba."

"Mwongo!"

Ngumi nyingine. Kijana aliyumba, akajishika kwenye meza ya kukatia vitambaa, akasimama tena. Ulingoni alikuwa amewaangusha wanaume wazito kuliko yeye. Ngumi za mzee huyu angeweza kuzikwepa huku akipiga miayo. Hakukwepa hata moja. Mikono yake ilibaki nyuma ya mgongo, kama walivyokubaliana siku ile mzee alipozitungua glavu nyekundu kutoka ukutani na kuzivaa kwa mara ya kwanza.

Kesho asubuhi angeketi mbele ya jopo la kitivo cha sheria. Mwaka uliopita jopo hilohilo lilimsikiliza akizungumzia mapenzi yake kwa haki, likamshukuru, likamkataa. Mwombaji aliyekataliwa mara mbili hakuruhusiwa kuomba tena.

"Watakuuliza mbona uliacha ndondi ukiwa bingwa."

"Nitasema niliumia bega."

Safari hii mzee alipiga tumboni. Kijana alijikunja, na damu ya mdomo ikadondokea vipande vya kitambaa sakafuni.

"Bega! La kulia au la kushoto? Hao ni wanasheria, bwana. Watakuvua shati walione!"

Mke wa fundi alichungulia kwenye pazia la mlango. "Nyinyi! Mkiumaliza huo mdomo leo, kesho atajibu kwa nini?"

"Kwa bega," alisema mumewe.

Kijana alicheka, kisha akajuta, maana kidonda kilizidi kuachama. Mama yule alileta kitambaa chenye maji baridi, akamfuta damu taratibu. Usoni alimtazama vizuri. Mikono yake hakuitazama; tangu mazoezi hayo yaanze, hakuwahi kuitazama hata mara moja.

"Tena," alisema mzee. "Kwa nini unataka kusoma sheria?"

Kijana alitazama sakafu. Ngumi ya sikio ilijibu badala yake, na iliyofuata ikampigisha magoti. Mzee alisimama juu yake akihema, jasho na machozi vikimchuruzika pamoja.

"Utalisema lini?"

"Nikilisema hilo watanikataa, Baba."

"Basi wakukatae ukiwa umelisema!"

Alizivua glavu, akazirudisha ukutani. Kisha akafungua kabati na kutoa koti jeusi ambalo halijawahi kuvaliwa, ingawa lilishonwa zamani kwa ajili ya usaili kama huu. Akamvika kijana, akalibana mabegani kwa pini.

"Una mabega kama mlango wa ghala," alinung'unika. "Nimelifumua mara mbili."

Asubuhi, mwenyekiti wa jopo, mama mwenye miwani minene, aliutazama mdomo uliovimba.

"Umegongana na nini, kijana?"

"Na maandalizi ya usaili, mheshimiwa."

Wajumbe walicheka. Mwenyekiti akageuza karatasi. "Haya. Kwa nini unataka kusoma sheria?"

Sikio la kushoto lilikuwa bado likivuma.

"Kwa sababu nilimuua mtu," alisema.

Kalamu zilisimama. Alieleza yote kwa mpangilio, mikono ikiwa juu ya meza. Mpinzani wake alikuwa amekwisha kushusha mikono, macho yamegeuka meupe. Mwamuzi alikuwa akitazama saa. Watazamaji walikuwa wakishangilia, na kwa ajili ya kelele hizo tu yeye aliongeza ngumi mbili, zote juu ya sikio la kushoto. Akamtaja marehemu kwa jina lake, la baba yake na la babu yake.

"Askari waliniuliza swali moja: je, kengele ya kumaliza raundi ilikuwa imelia? Haikuwa imelia. Wakanipa mkono, nikaenda nyumbani. Nataka kujua nani aliiandika sheria hiyo, na inaandikwaje upya."

Hakuna aliyemwuliza swali jingine. Mwenyekiti alivua miwani, akaifuta kwa muda mrefu kuliko ilivyohitaji.

Fundi cherehani alikuwa akimsubiri ukumbini, karibu na ngazi. Hakuuliza kama amekubaliwa. Alimsogelea, akamnyooshea kola ya koti.

"Umelitaja jina la mwanangu?"